Mnyama Umpendaye Anapougua na Kufa: Usifiche Maradhi, Usifiche Majonzi

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia maradhi ya binadamu: malaria, kisukari, shinikizo la damu na mengineyo. Leo tutaligusa jambo ambalo watu wengi huona haya kulitaja mbele ya daktari. Nalo ni maumivu ampatayo mtu wakati mbwa, paka au mnyama mwingine aliyemlea kwa miaka mingi anapougua na hatimaye kufa.

Huenda ukauliza, je, hili linamhusu daktari wa watu au daktari wa mifugo? Linawahusu wote wawili. Daktari wa mifugo humtibu mnyama. Lakini mwenye mnyama ana moyo, ana usingizi, ana watoto, na mikono yake ndiyo inayomshika mgonjwa huyo mwenye miguu minne. Baadhi ya maradhi ya wanyama humpata binadamu, na majonzi yanayofuata kifo cha mnyama yaweza kumwangusha mtu kitandani kama msiba mwingine wowote.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii ndiyo msingi wa somo letu. Katika miaka niliyofanya kazi hii nimeona kwamba familia nyingi zinazompenda mnyama wao huficha mambo mawili: ugonjwa wake akiwa hai, na huzuni yao akishakufa. Yote mawili yana madhara.

Si mambo ya Wazungu

Wapo wasemao kwamba kumlilia mnyama ni desturi ya kigeni, ya watu walioshiba wasio na kazi ya kufanya. Hayo si kweli. Miongoni mwa Waturkana na Wapokot, kijana huwa na fahali wake mpendwa ambaye humpa jina, humpamba na kumwimbia. Fahali huyo akifa, hakuna anayemcheka kijana kwa kuhuzunika. Kati ya mwaka 2020 na 2023, kiangazi kikali kiliua mifugo zaidi ya milioni 2 katika maeneo kame ya nchi yetu. Wafugaji walipoteza mali, hiyo ni kweli, lakini pia walipoteza viumbe waliowajua mmoja mmoja kwa rangi, kwa sauti na kwa jina. Kule Lamu nako, paka na punda wameishi na watu vizazi na vizazi, na mwenye punda hujua vyema kwamba mnyama wake akilala chini, nyumba nzima hukosa raha.

Jambo hili ni la kale mno. Mwaka 1914, kule Oberkassel karibu na mji wa Bonn nchini Ujerumani, wachimba mawe walikuta kaburi lenye umri wa takriban miaka 14,000. Ndani yake walizikwa mwanamume, mwanamke na mbwa mchanga. Wataalamu walioyachunguza meno ya mbwa huyo walitoa ripoti mwaka 2018 kwamba yaelekea aliugua vibaya ugonjwa wa distempa zaidi ya mara moja, akaishi majuma kadhaa katika hali ambayo asingeishi bila ya kuuguzwa na watu. Mtu alimpa maji, akamsafisha na kumtia joto, ingawa mbwa mgonjwa hakuwa na faida yoyote kwake.

Hapa kwetu Kenya, simba jike Elsa aliyelelewa na Joy na George Adamson alikufa mwaka 1961 kutokana na ugonjwa unaoenezwa na kupe. Alizikwa katika eneo la Meru, na kaburi lake lingali huko katika mbuga ya taifa ya Meru. Basi mtu asikuambie kwamba umepotoka kwa kumlilia mbwa wako.

Dalili zisizofaa kupuuzwa

Mnyama hawezi kusema anaumwa wapi. Aghalabu huficha udhaifu wake mpaka hali iwe mbaya. Kwa hivyo ni wajibu wa mwenyewe kuyatazama mambo ya kila siku: anakula vipi, anakunywa maji kiasi gani, anajisaidia namna gani, na je, anakuja anapoitwa? Mnyama aliyekataa chakula kwa siku nzima, anayetapika mara kwa mara, anayehara damu, anayehema akiwa amelala au anayekojoa mkojo wa rangi ya kahawa, apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kukawia. Mkojo wa rangi hiyo kwa mbwa mara nyingi huashiria ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe, na ugonjwa huo hutibika ukiwahiwa. Paka dume anayechuchumaa tena na tena bila kutoa mkojo yumo hatarini, na anahitaji msaada siku hiyo hiyo.

Watoto wa mbwa hushambuliwa sana na ugonjwa wa parvo, ambao ulijulikana duniani mwishoni mwa miaka ya 1970. Huanza kwa unyonge na kutapika, kisha kuhara damu yenye harufu kali, na mnyama huweza kufa kwa siku chache kwa kukaukiwa na maji mwilini. Hakuna dawa ya kuua virusi vyenyewe. Tiba ni kumtia maji mshipani, kuzuia kutapika na kumkinga na maradhi mengine mpaka mwili wake upate nguvu. Kinga yake ni chanjo, ambayo huanza mtoto wa mbwa akiwa na umri wa majuma 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya majuma 3 au 4 hadi afikishe majuma 16.

Nawasihi wasomaji wasimpe mnyama dawa za binadamu kwa kukisia. Tembe moja ya parasetamoli, ambayo wewe huimeza kwa maumivu ya kichwa, yaweza kumuua paka, kwa sababu mwili wake hauwezi kuivunjavunja dawa hiyo. Ibuprofeni nayo huweza kuchoma tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, na nia njema haizuii sumu.

Upendo usiofaa kuficha hatari

Sasa tufikie jambo zito zaidi, nalo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1912, katika mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi, na haujatutoka hadi leo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa katika Afrika na Asia. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na watoto ndio huumwa zaidi. Mwaka 2014 Kenya ilianzisha mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu kufikia mwaka 2030.

Siku moja mama alimleta mtoto wa miaka saba katika kliniki akiwa na kidonda mguuni. Alisema mtoto alikwaruzwa na seng'enge. Nilipokitazama kidonda niliona alama za meno. Nilimgeukia mtoto mwenyewe nikamuuliza nini kilichomuuma. Akamtazama mama yake, kisha akajibu polepole, "Ni Simba wetu." Simba alikuwa mbwa wao. Alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba, hali wala hanywi, na taya lake limelegea. Baba mtoto alikuwa amemtia mkono kinywani mara mbili akitafuta mfupa aliodhani umemkwama kooni.

"Daktari, tuliogopa wangekuja kumpiga risasi," mama akasema. "Huyu mbwa amelala mlangoni mwa watoto tangu wazaliwe."

Sikumlaumu mama huyo, kwa maana alisema kwa upendo. Lakini upendo huo ulikuwa karibu kumnyima mtoto wake uhai. Tuliosha kidonda, tukaanza sindano siku ile ile, na baba akaitwa naye adungwe. Daktari wa mifugo wa eneo hilo alipashwa habari akamtenga mbwa. Simba alikufa siku ya tatu. Kichwa chake kilipelekwa katika maabara ya Kabete, na ikathibitika kwamba alikuwa na kichaa. Mtoto alimaliza sindano zake zote na anaendelea na masomo.

Msomaji, yashike haya. Mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali na kukimbia ovyo barabarani. Mara nyingine huwa mpole kupita kiasi, hujificha gizani, hutokwa na mate, sauti hubadilika, taya hulegea na hawezi kumeza. Ndiyo maana watu wengi hudhani amekwamwa na mfupa. Usitie mkono wako katika kinywa cha mbwa au paka wa namna hiyo. Mfungie mahali pasipofikiwa na watoto na umwite daktari wa mifugo.

Mtu akiumwa, akikwaruzwa, au mate ya mnyama yakiingia katika kidonda au machoni, afanye hivi:

Kwanza, aoshe kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Ikiwa mate yameingia machoni, ayaoshe macho kwa maji safi mengi bila sabuni. Asipake kidonda pilipili, mafuta ya taa, majivu wala majani ya chai.

Pili, aende hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, na hata kama mbwa ni wa nyumbani. Sindano ya kwanza isingojee mpaka ijulikane iwapo mbwa ni mgonjwa. Zinazobaki zifuate tarehe zilizoandikwa katika kadi, bila kuruka hata moja. Majeraha mengine huhitaji pia dawa ya pekee inayodungwa kuzunguka kidonda.

Tatu, mbwa au paka aliyeuma na ambaye anaonekana mzima atengwe na kutazamwa kwa siku 10 chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo. Akiwa angali hai na mwenye afya baada ya siku hizo, daktari anaweza kusimamisha sindano. Akifa kabla ya hapo, mwili wake usizikwe wala kutupwa kabla ya ofisi ya mifugo kuarifiwa.

Mara nyingi ugonjwa huu hukaa mwilini mwa binadamu miezi miwili au mitatu kabla ya kuonekana. Dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini ukiwahiwa kabla ya dalili, huzuilika. Kuuzuia kwa mbwa ni rahisi zaidi: chanjo anapofika umri wa miezi mitatu, na kurudiwa kila mwaka. Kaunti kadhaa huendesha kampeni za chanjo bila malipo, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Usingoje jirani akukumbushe.

Kumuuguza aliye mzee au asiyepona

Si kila ugonjwa huja kwa ghafla. Mbwa na paka wanapozeeka hupata maradhi ya figo, moyo, viungo, macho na saratani. Hapo kazi ya kuuguza huwa ndefu. Mpe mahali pakavu pa kulala pasipokuwa na upepo, maji karibu naye, na chakula kidogo kidogo mara nyingi. Mgeuze ikiwa hawezi kugeuka mwenyewe ili asipate vidonda. Anapochafuka msafishe, kisha unawe mikono kwa sabuni. Ukiwa na mjamzito nyumbani, asiwe yeye anayesafisha choo cha paka, kwa kuwa kinyesi cha paka huweza kubeba vijidudu vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni.

Tafadhali muulize daktari wa mifugo maswali waziwazi. Je, ugonjwa huu unapona au unatulizwa tu? Ana maumivu? Matibabu yatagharimu kiasi gani, nayo yatamwongezea siku za namna gani? Si aibu kumwambia daktari kwamba huna pesa za upasuaji. Mzazi mwenye karo ya shule na kodi ya nyumba hana budi kupima uwezo wake, na daktari mwema atakuonyesha njia iliyo ndani ya uwezo huo. Kibaya ni kunyamaza, kumficha mnyama nyuma ya nyumba na kumwacha ateseke kwa sababu ya aibu.

Wakati wa kumpumzisha

Mwezi wa Machi mwaka 2018, Wakenya walipata habari za Sudan, kifaru mweupe dume wa mwisho wa jamii ya kaskazini, aliyekuwa akitunzwa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mifupa na misuli yake ilikuwa imedhoofika, ngozi ilikuwa na vidonda, na siku ya mwisho hakuweza tena kusimama. Ingawa dunia nzima ilitamani aendelee kuishi, madaktari wa mifugo wakiwemo wa shirika la KWS waliamua kumpumzisha tarehe 19 Machi ili asizidi kuteseka. Uamuzi huo ulitokana na huruma kwa mnyama aliyekuwa akiumia.

Ikiwa kifaru wa thamani kubwa hivyo aliweza kupewa pumziko, basi hata mbwa wa kijijini anastahili. Nawapa wasomaji maswali manne ya kujiuliza. Je, mnyama huyu anaweza kula na kunywa mwenyewe? Je, anaweza kusimama na kujisaidia bila kulalia uchafu wake? Je, maumivu yake yanatulizwa na dawa? Na je, katika juma moja, siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya? Majibu yakiwa hapana, zungumza na daktari wa mifugo.

Kazi hii ifanywe na mtaalamu. Rungu, kamba na sumu ni ukatili, na sumu iliyotegwa huweza kuua hata watoto na wanyama wa majirani. Daktari wa mifugo hutumia dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa. Mnyama hulala kwanza, kisha moyo husimama. Yafaa ujue mapema kwamba macho hubaki wazi, mkojo huweza kutoka, na pengine mwili ukavuta pumzi mara moja au mbili baada ya moyo kusimama. Mambo hayo hayamaanishi kwamba anaumia. Ukiweza, kaa naye na umshike. Usipoweza, hakuna anayepaswa kukulaumu.

Mazishi nayo yafanywe vizuri. Chimba shimo lenye kina cha mita moja au zaidi, mbali na kisima au mto, na uvae glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Mwili wa mnyama aliyedungwa dawa hiyo usitupwe jalalani, kwa maana mbwa au ndege watakaoula wanaweza kufa. Wanaoishi katika nyumba za kupanga mijini wasio na ardhi wamuulize daktari wa mifugo jinsi ya kuushughulikia mwili.

Watoto waambiwe nini?

Kwa watoto wengi, kifo cha mbwa au paka ndicho kifo cha kwanza kukiona kwa karibu. Namna watu wazima watakavyolishughulikia jambo hili itakuwa somo kwa mtoto kwa misiba mingine itakayomfika maishani.

Mtoto wa chini ya miaka mitano hudhani kwamba aliyekufa anaweza kurudi. Atauliza leo, na kesho atauliza tena. Mjibu kwa subira maneno yale yale: "Simba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hasikii tena maumivu na hatarudi." Kati ya miaka mitano na tisa huanza kuelewa kwamba kifo ni cha milele, na hapo huweza kujilaumu. Mtoto anaweza kudhani kwamba mbwa alikufa kwa sababu yeye alimpiga siku moja au alisahau kumpa maji. Mwulize anafikiri nini, kisha umwondolee mzigo huo.

Msimwambie mtoto kwamba mnyama "amelala" au "amesafiri". Mtoto aliyeambiwa hivyo huweza kuogopa kulala, au kuingiwa na hofu kila baba anapofunga mizigo ya safari. Wala msimtupe mnyama usiku na kuleta mwingine wa rangi ile ile mkidhani mtoto hatatambua. Atatambua, na atajifunza kwamba nyumbani kwao ukweli hausemwi. Akiuliza iwapo mbwa ameenda mbinguni, mzazi amjibu kulingana na imani ya nyumba yake. Mruhusuni aage, achore picha, au apande mti juu ya kaburi. Wakati huo huo mzazi asione haya kutokwa na machozi mbele ya mtoto.

Majonzi ya mtu mzima

Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika juu ya huzuni ambayo jamii haiitambui. Alieleza kwamba mtu anayeomboleza jambo ambalo wenzake hawalihesabu kuwa msiba huumia mara mbili: kwanza kwa kupoteza, na pili kwa kukosa wa kumpa pole. Hakuna matanga wala mchango, na mwajiri hampi ruhusa. Anaambiwa tu, "Si ni mbwa? Nunua mwingine."

Mwalimu mmoja mstaafu aliwahi kunijia akilalamika kwamba hapati usingizi na kifua kinambana. Nilimpima moyo na damu, nikamuuliza kama kuna msiba nyumbani. Akasema hapana. Alipokuwa akifunga vifungo vya shati ndipo aliponiambia, "Daktari, naona haya kukwambia. Mbwa wangu alikufa wiki tatu zilizopita. Nimekuwa naye tangu mama watoto alipofariki." Mzee yule alikuwa ameacha hata kumeza dawa zake za shinikizo la damu, kwa kuwa alizoea kuzimeza asubuhi alipokuwa akimpa mbwa chakula. Nilimpa pole kama ninavyompa yeyote aliyefiwa. Nilimwandikia dawa zake upya, tukapanga amwombe mjukuu wake awe anatembea naye jioni njia ile ile aliyopita na mbwa. Baada ya mwezi mmoja alikuwa akilala.

Kwa hakika majonzi hufika hadi moyoni. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza ugonjwa uitwao takotsubo, ambapo sehemu ya moyo hulegea ghafla kutokana na mshtuko au huzuni kubwa, na dalili zake hufanana na za mshtuko wa moyo. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha kisa cha mwanamke wa Texas, Marekani, aliyepatwa na hali hiyo baada ya kifo cha mbwa wake. Wengi hupona kwa majuma machache. Hata hivyo, yeyote anayebanwa na kifua, kushindwa kupumua au kuzirai baada ya habari mbaya asiseme "ni huzuni tu". Aende hospitalini mara moja.

Kwa kawaida, mtu aliyempoteza mnyama wake hulia, hukosa hamu ya kula, na pengine husikia kana kwamba kucha za mbwa zinakwaruza sakafuni usiku. Hiyo si dalili ya wazimu. Huweza pia kumkasirikia daktari wa mifugo, au kujilaumu: "Lau ningalimpeleka mapema!" Aliyeamua kumpumzisha mnyama wake hujilaumu zaidi. Ajikumbushe alichokijua siku ile, si anachokijua leo.

Ni yapi yanayosaidia? Mwambie mtu mmoja asiyedharau. Endelea na saa zako za kula, kulala na kumeza dawa. Ondoa bakuli na kamba yake utakapokuwa tayari, na wala usiharakishwe. Jiepushe na pombe kama dawa ya usingizi, kwani huzidisha huzuni. Maumivu mengi hupungua kadiri siku zinavyopita, ingawa huweza kurudi kwa ghafla unapopita pale alipozoea kulala.

Lakini huzuni ikikushika kutwa kucha kwa zaidi ya majuma mawili hivi kwamba huwezi kufanya kazi, huli, na huoni raha ya kitu chochote, mwone daktari. Na ikiwa mawazo ya kujidhuru yameanza kukujia, usingoje hata siku moja. Mwambie aliye karibu nawe na mwende hospitalini. Ukifika, taja sababu yenyewe bila haya. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa.

Je, umlete mwingine?

Hakuna tarehe maalumu. Wengine hungoja mwaka, wengine mwezi, na wengine hawataki tena. Mnyama mpya asiletwe ili kumnyamazisha anayelia. Kuna pia sababu ya kiafya ya kungoja. Aliyekufa kwa parvo huacha virusi mahali alipoishi, navyo huweza kudumu kwa miezi mingi. Osha sakafu na vyombo, kisha utumie dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe kwa kipimo cha kikombe kimoja katika vikombe 30 vya maji, na uhakikishe mbwa mpya amemaliza chanjo zote kabla hajaingia. Aliyekufa kwa kichaa awafanye wote waliomshika, wakiwemo waliomwuguza kwa huruma, wafike hospitalini kabla ya kufikiria mbwa mwingine.

Kwa muhtasari, msomaji, mnyama wako akiugua sema mapema: kwa daktari wa mifugo, na kwa daktari wa watu ikiwa kuna aliyeumwa. Akifa, waambie watoto ukweli. Na wewe mwenyewe ukiumia, sema. Ikiwa jirani yako amempoteza mbwa au paka wake juma hili, bisha hodi kwake umwambie pole. Haitakugharimu chochote, na huenda ikamrudishia usingizi.